Panya wa Rafu ya Kushoto

Jina lake la kuzaliwa wanalijua waliompa, na wote wameshatangulia. Kazini na mtaani aliitwa Mama Vizimba, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alitunza panya weupe katika vizimba vya maabara, na hakuna panya hata mmoja aliyewahi kumponyoka. Aliyetaka kumcheka kwa kazi hiyo alijibiwa papo hapo: "Na wewe unafuga nini? Mume anayekukimbia?" Basi wakamwacha na panya wake.

Chumba chake kilikuwa kirefu, dirisha moja juu, na rafu mbili za chuma zinazotazamana. Rafu ya kushoto ilikuwa jirani na mlango wa ofisi ya Daktari. Ya kulia ilikuwa upande wa beseni la kuoshea. Vizimba alivitandika maranda ya seremala, yale yanayodondoka chini ya randa, ili panya wajichimbie na mkojo unyonywe. Shule aliishia darasa la tatu, lakini daftari la chumba alilijaza kwa mkono wake: alama ya vema kwa maji, vema kwa chakula, vema kwa maranda. Mstari wenye pengo haukuwemo.

Maranda aliyafuata mwenyewe kila Jumatatu, magunia mawili. Moja la mti mweupe usio na harufu yoyote, la pili la mti mwekundu unaonukia kama sanduku la nguo za bibi harusi. Hilo jekundu halikutosha rafu zote mbili. Mama Vizimba akalitandika kushoto tu, karibu na mlango wa Daktari, ili mgeni akiingia apokewe na manukato, asipokewe na mkojo. Hakuna aliyemwagiza, hakuna aliyemuuliza. Wageni waliingia wakavuta pumzi, wakasema, "Mbona humu hamnuki panya?" Naye akatazama pembeni kama hakusikia, na moyoni kumepambwa.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba wa miwani, umri sawa na binti yake Mama Vizimba. Hakuwa daktari wa kutibu watu, alikuwa wa elimu ya dawa na mimea. Mwaka ule alikuwa anapima mzizi mmoja ambao watu wamekuwa wakiuchemsha tangu zamani kumpa mwenye kifafa. Alitaka kujua kama kweli unatuliza ubongo na mishipa ya fahamu, au ni imani ya anayeunywa.

Jambo hilo lilimgusa Mama Vizimba pabaya. Mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka tisa, alikuwa na kifafa. Kila asubuhi na jioni alimeza kidonge cha hospitali, na miezi saba ilikuwa imepita hajaanguka. Lakini vidonge vilimfanya mzito. Alisinzia darasani mpaka wenzake wakampa jina la Usingizi, na mama yake alikuwa amechoka kufuta machozi ya jina hilo.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Daktari aliusaga mzizi, akauloweka, akauchuja, akapata maji meusi kama chai isiyo na maziwa. Panya wa rafu ya kulia walinyweshwa maji hayo. Wa kushoto walinyweshwa maji matupu. Kisha wote wakadungwa dawa ya usingizi, kiasi kilekile, wakalazwa chali juu ya kitambaa. Panya aliye macho halali chali hata umlipe. Akipata fahamu tu, anageuka asimame kwa miguu yake. Kazi ikawa kukaa mbele yao na saa, kusubiri nani anageuka lini.

"Huyu amegeuka!" Daktari alisema mara ya kwanza.

"Nimemwona kabla yako. Wa kushoto. Dakika ishirini na moja."

"Na wa kulia?"

"Wa kulia wamekufa kwa usingizi. Tazama tumbo linavyopanda."

Wa kulia waliamka baada ya dakika arobaini na kitu. Wakarudia kwa panya wengine, ikawa vilevile. Wakarudia mara ya tatu, vilevile. Daktari akamkumbatia Mama Vizimba pale pale, glavu zikiwa bado mikononi. "Mzizi unafanya kazi, mama! Unarefusha usingizi maradufu. Maana yake unafika kwenye ubongo."

Ulimi hauna mfupa. Jioni ile Mama Vizimba aliingia nyumbani hajavua hata viatu. Binti yake alikuwa fundi cherehani, ameinamia sketi ya shule, pini tatu mdomoni.

"Tema hizo pini nikuambie," akasema. "Ule mzizi ni dawa. Nimeona kwa macho yangu haya. Mara tatu."

Binti akatema pini. "Dawa ya kifafa?"

"Dawa ya ubongo. Kifafa kinakaa wapi, kwenye goti?"

"Daktari mwenyewe amesema?"

"Daktari anaandika. Anayewashika panya ni mimi. Mimi si wa kusimuliwa."

Binti akaikunja sketi taratibu, akaiweka kando. "Basi hivi vidonge vilivyobaki, vya mwezi mmoja, vikiisha sichukui vingine. Yupo mama mmoja sokoni anauza mzizi huo huo. Nitamchemshia."

Hapo ndipo pa kusema ngoja kwanza, mwanangu, panya si mtu. Mama Vizimba alilijua neno hilo, lilikuwa pale pale kooni. Lakini alikuwa ametoka kusema yeye si wa kusimuliwa, na binti yake alikuwa anamtazama kwa macho ambayo hakuwa amemtazama nayo tangu utotoni, macho ya mtoto anayeamini. Akanyamaza. Akavua viatu.

Jumatatu iliyofuata seremala alimpokea mikono mitupu. "Malkia wa panya, nyekundu leo hakuna."

"Hakuna vipi?"

"Yale makabati nimeyamaliza. Sasa nina madawati ya shule, mti mweupe mtupu. Kwani panya wako ni maharusi, lazima wanukie?"

"Wanakushinda wewe kwa usafi."

"Basi niolee mmoja."

Mama Vizimba akacheka, akabeba magunia mawili meupe, akaenda zake. Mwezi mzima rafu zote mbili zikatandikwa meupe, naye akaweka vema zake kwenye daftari kama kawaida.

Jumapili ya mwisho wa mwezi vidonge vikaisha. Jumatatu asubuhi mtoto akapewa kikombe cha mzizi, akakunja uso, akanywa. Jumanne Daktari akataka kipimo cha nne, cha kufungia kazi, kwa sababu Alhamisi ripoti ilikuwa inatakiwa kwa wakubwa walioagiza utafiti.

Wakawalaza panya chali. Dakika kumi. Kumi na tano. Ilipofika ishirini, Daktari akashika kalamu tayari, maana huo ulikuwa wakati wa kushoto kuanza kugeuka. Hakugeuka mtu. Ishirini na tano. Kalamu ikabaki hewani. Thelathini.

"Mama, hawa ndio wa kushoto?"

"Kwani mimi sijui kushoto kwangu?"

"Waliopewa maji matupu?"

"Maji matupu, umewanywesha wewe."

Dakika thelathini na nane, wa kwanza wa kushoto akapapasa hewa kwa mguu, akageuka. Wa kulia wa kwanza akageuka arobaini na moja. Baada ya hapo wakageuka huku na huku, wakaachana kwa dakika mbili tatu, kitu ambacho hata saa ya ukutani ingeona haya kukihesabu. Daktari alivua glavu moja, akaivaa tena.

Usiku ukapita. Jumatano asubuhi Daktari akamwita Mama Vizimba ofisini, mlango ukiwa wazi.

"Mama, nakuuliza kwa heshima. Ulichanganya vizimba?"

Mama Vizimba alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Mimi?"

"Mtu yeyote anaweza kuchoka."

"Miaka ishirini na miwili, Daktari. Umekuta kizimba kimekosa kibandiko? Umekuta mkia umekosa alama? Hebu ngoja." Akatoka, akarudi na daftari, akalibwaga mezani, akafungua kurasa za mwezi mzima. "Soma. Maji, vema. Chakula, vema. Maranda, vema. Jana, juzi, juma lililopita. Kuna kilichobadilika hapo?"

Daktari akapitisha kidole mstari hadi mstari. "Hakuna."

"Haya."

"Basi itakuwa dawa ya usingizi ndiyo mbovu. Chupa ilikuwa mpya. Nitakiacha hiki kipimo cha nne, nitapeleka vile vitatu vya kwanza." Akalifunga daftari, akamrudishia kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama. Sikulala. Na hiki chumba nacho siku hizi kinanuka mkojo, kichwa kinaniuma."

Alilisema hilo la mwisho huku ameshageukia kompyuta yake. Mama Vizimba alikuwa ameshafika mlangoni, ameshinda, kifua mbele. Akasimama.

Kinanuka mkojo siku hizi.

Akaitazama rafu ya kushoto, meupe. Ya kulia, meupe. Vipimo vitatu vya kwanza kushoto kulikuwa na nyekundu, na kushoto waliamka upesi. Cha nne kushoto kuna nyeupe, na kushoto wamelala kama kulia. Hakusoma elimu ya dawa, lakini kujumlisha alifundishwa kabla hajaacha shule. Panya wa kulia hawakuwahi kubadilika, tangu mwanzo walilala arobaini na kitu. Waliobadilika ni wale wa maji matupu. Kumbe mzizi haukumlaza mtu. Nyekundu ndiyo iliyokuwa inawaamsha wenzao.

Akaenda kwenye beseni, akafungua bomba, akaosha chupa ya maji iliyokuwa safi. Akaiosha tena. Nyuma yake Daktari alikuwa anapiga chapa, ta ta ta, ripoti inakwenda. Hakuna anayejua isipokuwa yeye na seremala, na seremala hajui kwamba anajua. Akinyamaza, mzizi ni dawa, Daktari anapata sifa, na Mama Vizimba anabaki hakukosea. Na mtoto yule, leo ni siku ya tatu bila kidonge.

Nyumbani angeweza kusema lolote, lakini binti angemjibu kwamba Daktari ameandika. Maneno ya mlisha panya mbele ya karatasi yenye muhuri yana uzito gani? Ilibidi karatasi izuiwe kwanza.

Akafunga bomba, akaingia ofisini bila kubisha.

"Acha kuandika."

Daktari akageuka.

"Vema ya maranda haisemi ni maranda gani," alisema Mama Vizimba. "Kushoto niliweka nyekundu ya kunukia, kulia nyeupe. Vipimo vyote vitatu. Mwezi huu nyekundu imekwisha, kote nyeupe."

Daktari akavua miwani, na uso bila miwani ukawa wa msichana. "Nyekundu ya kunukia," akarudia polepole. "Mama... harufu ya mti kama ule inamwingia panya siku zote anapolala juu yake. Ini lake linazoea kusafisha vitu vikali. Ukimpa dawa ya usingizi, linaisafisha upesi. Anaamka mapema."

"Kwa hiyo ni hivyo."

"Nilifundishwa chuoni. Tena kwa mtihani!" Akacheka cheko baya lisilo na furaha. "Wala sikukuuliza unatandika nini. Miezi mitano nimeingia humu navuta harufu nzuri, nafurahi." Akayatazama maandishi yake. "Kwa nini uliweka kushoto tu?"

"Ili kusinuke mlangoni kwako."

Akadhani atafokewa. Daktari akaweka kidole kwenye kitufe, kurasa kumi na mbili za ripoti zikageuka rangi, zikatoweka. "Tunaanza upya," akasema. "Maranda ya aina moja, na panya wa kila kundi kwenye rafu zote mbili. Sitasema mzizi si dawa, mama, wala sitasema ni dawa. Sijui. Wakubwa nitawaambia sijui."

"Sasa nipe ruhusa niende nyumbani."

"Unaumwa?"

"Kuna mtu nyumbani amenywa maneno yangu."

Kutoka maabara hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa kwa mtu mwenye magoti mazima, na ya Mama Vizimba yalikuwa na mjadala wao. Siku hiyo hakuyasikiliza. Alipita kwa muuza matofali, alipita ukuta mrefu wa shule, akaona uwanja mtupu na kengele imenyamaza, akajiambia mtoto yuko darasani anasinzia, na hakuwahi kuombea usingizi wa mtu kama alivyouombea ule. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena.

Cherehani ilikuwa kimya. Hilo alilisikia kabla hajafika mlangoni.

Mtoto alikuwa amelazwa ubavu kwenye mkeka, sare ya shule imejaa vumbi upande mmoja, mdomo wa chini umevimba. Macho yalikuwa nusu wazi. Binti alikuwa anamfuta shingo kwa kitambaa.

"Ameanguka saa nne, wakati wa mapumziko," alisema bila kuinua kichwa. "Mwalimu amemleta. Ameuma ulimi. Lakini sasa ametulia, nimechemsha mzizi, akiamka vizuri nampa. Siku tatu ni chache, mama. Mzizi unataka muda."

"Wacha huo mzizi."

"Nizidishe kiasi?"

"Nimesema wacha! Yale niliyokuambia hayapo."

Binti akainua kichwa. "Hayapo vipi? Uliona."

"Niliona."

"Mara tatu, ulisema."

"Mara tatu niliona panya wanaamka. Nilidhani wenzao wamelazwa na mzizi. Kumbe ni mambo ya matandiko. Daktari ameifuta kazi yote leo asubuhi."

"Matandiko?" Binti alisimama, kitambaa kikadondoka. "Mwanangu ameanguka mbele ya shule nzima kwa ajili ya matandiko ya panya?"

"Punguza sauti, atashtuka."

"Wewe ndiye uliyesema si wa kusimuliwa! Mimi nilikuwa na vidonge mkononi, mama. Ungesema ngoja, ningengoja. Neno moja!"

"Vaa viatu twende kliniki."

"Sema basi kwamba ulikosea."

"Vaa viatu."

"Sema kwanza!"

Mtoto akatikisika. Si sana, mkono mmoja tu, vidole vikavutwa ndani. Wote wawili wakapiga magoti kwa pamoja. Vidole vikalegea. Mama Vizimba hakungoja zaidi. "Mke mwenzangu," alimwambia mjukuu sikioni, kama alivyozoea kumtania, "leo nakubeba mimi, kesho utanibeba wewe." Akamweka mgongoni, binti akafunga kanga kwa nguvu, wakatoka.

Kliniki ilikuwa na benchi refu na watu wengi. Binti alikwenda moja kwa moja mbele, akasema neno "kifafa," wakapishwa. Tabibu alikuwa kijana mwenye sauti ya uchovu. Alimmulika mtoto macho, akamwambia akunje ngumi, afungue, aseme jina lake. Mtoto akasema, ulimi mzito. Mkono ule ukavutika tena, mara moja, kisha ukaacha. Tabibu akaona. Akavuta kadi ya kliniki.

"Alikuwa anaendelea vizuri sana. Mara ya mwisho amemeza lini?"

"Jumapili jioni," alisema binti.

"Halafu?"

Binti akakunja pindo la kanga.

"Dawa hizi haziachwi ghafla," alisema tabibu, sasa uchovu umetoka. "Ukitaka kubadilisha, unakuja, tunapunguza kidogo kidogo tukiangalia. Ukikata kama kamba, degedege linarudi kwa hasira, na likirudi mfululizo linaweza kuua. Nani aliwaambia mwache?"

Binti alitazama sakafu. Mdomo wake ukafunguka, na Mama Vizimba akaona kwamba mtoto wake anataka kulibeba yeye, mbele ya mtu mgeni, ili kumsitiri mama yake. Alikuwa na hasira naye hadi mifupani, na bado alikuwa anataka kumsitiri.

"Mimi," akasema Mama Vizimba. "Niliwaambia mimi. Nilikosea."

Tabibu akamtazama. "Wewe ni nani kwake?"

"Bibi yake."

"Una utaalamu gani wa dawa, bibi?"

"Natunza panya."

Tabibu aliinua uso akitafuta mzaha, hakuupata kwa yeyote, akaandika. Akampa mtoto kidonge na maji kidogo, akasubiri ameze, akamtazama kooni kwa tochi kuhakikisha kimeshuka. Akasema wasiondoke. Wakae pale kwenye benchi mpaka alasiri, mtoto aangaliwe. Mkono ukivutika tena, au macho yakigeuka, waite kwa sauti, wasione haya.

Wakakaa. Mtoto kalala kwenye mapaja ya mama yake, miguu kwenye mapaja ya bibi. Watu waliingia na kutoka.

"Mama," alisema binti hatimaye, macho kwenye mkono wa mtoto. "Lile neno sijawahi kukusikia ukilisema. Tangu nizaliwe."

"Neno gani?"

"Nilikosea."

"Basi usilizoee."

Binti hakucheka, lakini bega lake lilisogea kidogo, likagusa la mama yake, likabaki hapo. Mama Vizimba hakulisogeza lake. Alikuwa anautazama mkono mdogo ulioachwa wazi juu ya kanga, vidole vitano, kimoja kimoja, akivihesabu kwa macho bila kupepesa. Mpaka adhana ya alasiri havikuwa vimevutika tena. Akaendelea kuvitazama.